Kadi imenyamaza baada ya kuhamia Windows 11: tafuta chanzo kabla ya kununua nyingine

Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mezani za maduka, saiba na ofisi za Nairobi zimehamishiwa Windows 11. Nyingi ni zile zilizoingia nchini zikiwa zimetumika: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Wenyewe walishaziongezea kadi ndani, hii ya waifai, ile ya picha, nyingine ya kuunganisha printa ya risiti. Baada ya kuhama mashine inawaka vizuri, lakini kadi moja imenyamaza. Mtu anakimbia Luthuli Avenue kwenye maduka ya elektroniki, ananunua nyingine, anaichomeka, nayo inanyamaza vilevile.

Kubadilisha Windows hakuchomi kadi. Kinachobadilika ni draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi), mipangilio ya baiosi (programu ya ubao mama inayoiamsha mashine kabla ya Windows), namba za poti (matundu ya kuunganishia vifaa), na namna mashine inavyozimwa. Kuna na jambo la tano ambalo si la Windows kabisa: siku hiyohiyo ya kuhama, fundi aliifungua kasha kuongeza SSD au RAM, na kadi ikaguswa. Ukijua ni lipi kati ya hayo limetokea, mara nyingi hutahitaji kununua chochote.

Windows inaiona kadi, au haiioni?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, uchague Device Manager. Kadi yako itakuwa katika hali moja kati ya tatu. Huenda haipo kabisa, hata kwa jina la Unknown device au PCI Device. Hapo tatizo liko kwenye sloti, kadi yenyewe au baiosi, na draiva yoyote utakayoweka haitasaidia. Huenda ipo na pembetatu ya manjano. Hapo tatizo karibu kila mara ni draiva, na huna haja ya kushika bisibisi. Au ipo safi bila alama, lakini haifanyi kazi. Hapo angalia namba za poti na namna mashine inavyozimwa, ambavyo tutavifikia.

Kama ina pembetatu, bofya jina lake mara mbili. Chini ya Device status kuna sentensi inayomalizika kwa neno Code na namba. Iandike. Kisha nenda kichupo cha Details, chagua Hardware Ids, utaona kitu kama PCI\VEN_10EC&DEV_8168. Herufi nne baada ya VEN zinamtaja aliyetengeneza chipu, na nne baada ya DEV zinaitaja chipu yenyewe. 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Qualcomm Atheros, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 1912 ni Renesas, 9710 ni MosChip. Jina lililo kwenye boksi mara nyingi ni la muuzaji tu; boksi mbili za rangi tofauti zinaweza kuwa na chipu moja, na boksi mbili zinazofanana zinaweza kuwa na chipu tofauti. Draiva hutafutwa kwa VEN na DEV.

Ukiwa na mashine kadhaa za kukagua, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike:

pnputil /enum-devices /problem

Itakupa orodha ya kila kifaa chenye hitilafu na namba yake, bila kubofya kimoja kimoja.

Haionekani kabisa

Zima mashine, chomoa waya wa stima, kisha shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 15 ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma kisichopakwa rangi cha kasha kabla ya kugusa kadi. Fungua skrubu, itoe kadi ukiivuta wima, na uangalie meno yake ya dhahabu. Yafute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, uache yakauke dakika chache. Raba ya penseli inatumiwa sana, lakini inakwaruza dhahabu na kuacha vumbi lake ndani ya sloti. Iache.

Ukiirudisha, ibonyeze mpaka ukingo wake ulingane na sloti pande zote mbili. Kwenye kasha dogo, kosa la kawaida ni kile kipande cha chuma cha nyuma. Kadi fupi huuzwa na vipande viwili, kirefu na kifupi. Kifupi kikipotea, wengine huiweka kadi bila kipande chochote. Siku ya kwanza inafanya kazi. Waya wa antena au wa skrini ukivutwa kidogo, kadi inalala upande na nusu ya meno inaachia sloti.

Jaribu sloti nyingine. Kadi fupi ya PCIe x1 inafanya kazi kwenye sloti ndefu zaidi za x4 na x16 bila shida.

Sasa uliza: je, SSD ya M.2, ile bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, iliongezwa wakati wa kuhama? Kwenye ubao mama nyingi tundu la M.2 linagawana njia za PCIe na sloti moja ya chini, au na matundu mawili ya SATA. Ukichomeka SSD, sloti ile inazimwa na ubao wenyewe. Hakuna ujumbe utakaouona. Kadi inapotea tu. Kitabu cha ubao kinaeleza sloti gani inaathirika. Dawa ni kuhamisha kadi kwenye sloti nyingine, au SSD kwenye tundu lingine la M.2 kama lipo.

Ikiwa bado haionekani, ingia kwenye baiosi: F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo ThinkCentre. Hakikisha sloti haijazimwa huko. Halafu angalia saa ya mashine. Ikiwa imerudi nyuma miaka, betri ya CR2032 imekwisha. Mpya inapima volti 3 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 2.7 ibadilishe. Betri hii ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ofisi nyingi hapa huzima kila kitu ukutani jioni. Betri ikiwa imekufa, kila usiku baiosi inasahau mipangilio na asubuhi inarudi ilivyotoka kiwandani. Unarekebisha leo, kesho limeharibika, na lawama inaiangukia Windows.

Skrini nyeusi baada ya kuwasha Secure Boot

Hili huwatisha watu kuliko yote. Windows 11 inataka mashine iwe na uwezo wa Secure Boot, ulinzi unaokubali programu zenye sahihi pekee wakati wa kuwaka, kwa hiyo fundi anabadilisha mpangilio wa diski kutoka MBR wa zamani kwenda GPT wa kisasa, anazima uwashaji wa zamani ulioitwa Legacy au CSM, na kuwasha Secure Boot. Mashine inawaka, feni zinazunguka, skrini haileti kitu.

Chanzo ni kwamba kadi ya picha lazima iwe na programu ndogo ndani yake ya kuchora kabla Windows haijaanza. Kwa UEFI, yaani baiosi ya kisasa, programu hiyo huitwa GOP. Kadi nyingi zilizotengenezwa kabla ya Windows 8 kutoka mwaka 2012 hazina GOP; zina ile ya zamani tu, ambayo ilikuwa inaendeshwa na CSM. Ukizima CSM, kadi hiyo haina lugha ya kuzungumza na ubao. Kadi ni nzima.

Hamisha waya wa skrini kwenye tundu la picha la ubao mama. Kama bado ni giza, toa kadi kabisa na uwashe tena. Ukipata picha una njia mbili. Ya kwanza ni kuzima Secure Boot na kuruhusu programu za zamani za kadi: Dell huziita Legacy Option ROMs, HP huita Legacy Support. Acha uwashaji wenyewe ubaki UEFI, kwa kuwa diski sasa ni GPT. Windows 11 iliyokwisha kuwekwa itaendelea kuwaka Secure Boot ikiwa imezimwa, ingawa michezo kama Valorant itakataa. Njia ya pili ni kadi mpya zaidi, na hapa kununua kuna haki yake.

Kabla ya kugusa Secure Boot kwenye mashine yoyote, angalia kama BitLocker, inayoifunga diski kwa ufunguo wa siri, imewashwa. Ikiwa imewashwa, mabadiliko hayo yataifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48. Isimamishe kwanza, ukiwa bado ndani ya Windows:

manage-bde -protectors -disable C: -rc 2

Amri hiyo inaisimamisha kwa kuwasha upya mara mbili, kisha inajirudisha yenyewe. Kama umeshachelewa, ufunguo huwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuweka mashine, au kwa mtu wa IT wa ofisi.

Pembetatu ya manjano: namba inasema nini

Namba 28 maana yake hakuna draiva. Watu husubiri Windows Update iilete, na kwa Nairobi kuna sababu maalumu ya kutokuja: mashine iko kwenye hotspot ya simu. Windows ikiambiwa mtandao ni wa kupimwa (metered), ili isimalize bando, inaacha pia kupakua draiva. Nenda Settings, Bluetooth & devices, Devices, shuka chini mpaka swichi ya kupakua draiva kwenye mitandao ya kupimwa, uiwashe, kisha uende Windows Update ubonyeze kutafuta. Angalia pia Advanced options, Optional updates, Driver updates. Draiva nyingi za kadi za zamani hukaa pale zikisubiri mtu azichague.

Na kama kadi iliyokufa ndiyo ya mtandao yenyewe? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe USB tethering kwenye simu. Windows 11 kwa kawaida inaitambua kama kadi ya mtandao bila kuhitaji draiva nyingine, nawe unapata intaneti ya kupakulia ile unayoitaka. Draiva ya waifai au ya waya ni megabaiti chache hadi makumi machache. Ya NVIDIA hupita mia tano, kwa hiyo hiyo ipakue mahali penye faiba.

Mashine za zamani ambazo hazimo kwenye orodha ya Windows 11 hazitakuwa na ukurasa wa draiva za Windows 11 kwa mtengenezaji. Chukua ya Windows 10 ya biti 64. Mara nyingi inakubali. Ya biti 32 haitakubali hata kidogo, kwa sababu Windows 11 ipo ya biti 64 pekee. Aliyekuwa na Windows 10 ya biti 32 ndiye anayeumia zaidi hapa: baadhi ya kadi zake hazikuwahi kuandikiwa draiva ya biti 64.

Usitumie flashi za draiva za jumla zinazopitishwa mkono kwa mkono. Zinaweka draiva kumi ilhali ulihitaji moja, nyingine za chipu inayokaribiana tu na yako, na baada ya hapo huwezi tena kujua ipi imeleta nini.

Namba 39, au ujumbe kwamba draiva haiwezi kupakiwa kwenye kifaa hiki, hutokea sana kwa kadi za poti, kadi za kunasa video na kadi za sauti za miaka ya nyuma. Mara nyingi chanzo ni Memory integrity, ulinzi wa Windows unaokataa draiva zilizoandikwa kwa mtindo wa zamani. Kwenye Windows iliyowekwa upya huwa umewashwa wenyewe. Fungua Windows Security, Device security, Core isolation details. Ikiwa ulinzi umezimwa, jaribu kuuwasha na Windows itaorodhesha draiva zisizoafikiana nao, na jina la kila faili. Ikiwa umewashwa na kadi imekataa, tafuta kwanza draiva mpya zaidi ya chipu ileile. Unaweza kuuzima kwa muda ili kuthibitisha kwamba ndio chanzo, lakini mashine inayoingia kwenye benki au kushughulikia malipo ya wateja haifai kubaki hivyo. Kadi ya poti ni rahisi kubadilisha kuliko pesa iliyoibwa kurudi.

Draiva ya zamani inayong'ang'ania hutolewa hivi: andika pnputil /enum-drivers, tafuta jina la mtengenezaji, soma jina lililo mfano wa oem12.inf, kisha:

pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall /force

Weka namba uliyoiona wewe, na uisome mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.

Namba 52 inasema sahihi ya draiva haithibitishwi. Ili kujua kama kadi ingefanya kazi vinginevyo, shikilia Shift ukibonyeza Restart, nenda Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 7. Ukaguzi wa sahihi utalegezwa kwa mwasho huo mmoja tu. Ikifanya kazi, umejua kwamba kadi ni nzima na unachotafuta ni draiva iliyotiwa sahihi. Kuiacha Windows kwenye hali ya majaribio moja kwa moja kwa amri ya bcdedit ni kuacha mlango wazi.

Namba 12 ni uhaba wa rasilimali: zima kwenye baiosi vitu visivyotumika, au hamisha kadi sloti. Namba 10 ni pana mno. Jaribu draiva nyingine na sloti nyingine, kwa mpangilio huo.

Namba 43 kwenye kadi ya picha inahitaji maneno zaidi. NVIDIA imeacha kuandikia draiva mpya kadi za familia za zamani: Fermi ziliishia 391.35 ya Machi 2018, Kepler ziliishia tawi la 470. Mtego uko kwenye GT 730, ambayo iliuzwa kwa jina moja ikiwa na chipu za familia zote mbili. Angalia DEV: 0F02 ni Fermi, 1287 ni Kepler. Ukiipa ya kwanza draiva ya pili, haitakubali.

Kuna pia kadi za kughushi. Chipu ya zamani kama ya GTS 450 huandikwa upya ndani ijiite GTX 1050 Ti. Draiva mahususi ya muuzaji iliificha. Ukiweka draiva halisi siri inatoka kwa namba 43 au skrini kuganda. Programu ya bure ya GPU-Z huandika FAKE kando ya jina la kadi za namna hii. Ukiliona neno hilo, hakuna la kutengeneza. Irudishe dukani na risiti.

Kabla ya kubadilisha draiva za picha, ondoa za zamani kabisa kwa Display Driver Uninstaller ukiwa Safe Mode na mtandao umekatwa, la sivyo Windows itaingiza yake katikati ya kazi. Skrini ikibaki kubwa na yenye ukungu kwa 1024×768, soma jina kwenye Device Manager: likiwa Microsoft Basic Display Adapter, draiva halisi haijaingia bado.

Kadi za COM na LPT: duka haliwezi kuchapisha

Maduka mengi ya jumla bado yanachapisha ankara za nakala tatu kwa printa za nukta, na printa za risiti, droo za pesa na mizani bado zinatumia waya wa pini tisa wa poti ya COM. Hapa kadi inaonekana safi, haina pembetatu, lakini programu ya mauzo inasema printa haipatikani.

Windows mpya imeigawia kadi namba mpya. Zamani ilikuwa COM1, sasa ni COM3 au COM5, na programu bado inaandika COM1. Kwenye Device Manager fungua View, Show hidden devices, uangalie chini ya Ports. Majina yaliyofifia ni mabaki ya poti za zamani zinazoendelea kushikilia namba. Bofya kila moja kwa kulia uondoe. Kisha fungua poti halisi, Port Settings, Advanced, na uchague COM1 kwenye COM Port Number. Ikisema namba inatumika ilhali umeshaondoa mabaki, huenda ubao mama una poti yake ya COM. Izime kwenye baiosi kama haina kazi.

Baada ya kubadilisha namba, kasi huenda ikarudi 9600. Printa ya risiti huchapisha mipangilio yake ukishikilia kitufe cha FEED wakati wa kuiwasha, linganisha. Kasi isipolingana, karatasi inatoka na alama za ajabu. Hiyo ni habari njema, maana inaonyesha waya na kadi ni nzima. Unaweka kasi, kwa mfano, kwa:

mode COM1: BAUD=19200 PARITY=n DATA=8 STOP=1

Kutenga kadi na printa ni rahisi. Chomoa waya, unganisha pini ya 2 na ya 3 za poti ya kadi kwa kipande cha waya mwembamba, fungua PuTTY (programu ya bure ya kuzungumza na poti) kwenye COM1 huku flow control ikiwa None, uandike herufi. Zikijirudia kwenye skrini, kadi inatuma na kupokea, na tatizo liko kwenye waya au printa. Ondoa kipande, herufi zinapaswa kuacha kuonekana.

LPT, poti pana ya printa za zamani, ni ngumu zaidi. Poti ya zamani ya ubaoni ilikuwa kwenye anwani 0378. Kadi ya PCIe haikai huko. Kichupo cha Resources kitakuonyesha anwani nyingine kabisa. Programu inayochapisha kupitia Windows haijali. Ile ya zamani iliyoandikwa kwenda 0378 moja kwa moja haitaipata kamwe, isipokuwa ina mahali pa kubadilisha anwani. Kwa programu zinazotuma tu kwa jina la LPT, shiriki printa kwenye Windows kwa jina fupi, mfano NUKTA, kisha:

net use LPT2: \\localhost\NUKTA /persistent:yes

Elekeza programu kwenye LPT2. Hapo unaweza hata kuachana na kadi: printa kama Epson LX-350 ina tundu la USB pamoja na yale ya zamani, na waya wa USB hauna anwani ya kugombania. Kama printa yako inalo, fanya hivyo. Na ukumbuke kuwa programu za DOS za biti 16 haziendeshwi na Windows ya biti 64 hata kadi ikiwa nzima kiasi gani.

Inafanya kazi ukiwasha upya, asubuhi imekufa

Fanya jaribio hili: bonyeza Restart, angalia kadi. Kisha bonyeza Shut down, washa tena, angalia. Ikiwa baada ya Restart ipo na baada ya Shut down haipo, chanzo ni Fast Startup. Kwa mipangilio hiyo Shut down haizimi Windows yote. Inahifadhi kiini chake kwenye diski na kukirudisha asubuhi, na kadi nyingine hazipati nafasi ya kuanza upya. Izime kwa amri moja kwenye Command Prompt ya msimamizi:

powercfg /h off

Utapoteza Hibernate, ambayo kompyuta ya mezani haiihitaji sana.

Kama inakatika baada ya dakika kadhaa za kukaa bila kazi, nenda Power Options, mipangilio ya juu, PCI Express, Link State Power Management, weka Off. Kwa kadi za mtandao, ondoa pia alama kwenye kichupo cha Power Management inayoruhusu kompyuta kuizima.

Mengine kwa haraka

Waifai ipo, Bluetooth haipo: kwenye kadi za PCIe za mezani, Bluetooth hupita kwenye waya mdogo wa USB unaounganishwa na pini tisa za ubao mama. Fundi akifungua kasha, waya huo ndio wa kwanza kuchomoka.

Kadi ya sauti imebaki na jina High Definition Audio Device na vitufe vyake vimepotea: Windows imeweka draiva yake ya jumla juu ya ile halisi. Jaribu Roll Back Driver. Ikiwa imefifia, weka upya ya mtengenezaji.

Modemu ya faksi ya Agere: sasisho la Oktoba 2025 liliondoa draiva yake, ltmdm64.sys, kwa sababu ya shimo la usalama. Usiirudishe. Kadi ya TV ya analojia ikinyamaza, si kosa la Windows. Kenya ilizima matangazo ya analojia mwaka 2015.

Aliyehamia Linux badala yake

Saiba na shule zenye mashine zisizofaa Windows 11 zimeweka Ubuntu au Mint, na kisa ni hichohicho kwa amri tofauti. Andika lspci -nnk. Chini ya kadi yako kusiwepo mstari wa Kernel driver in use, draiva haijashika. Namba zilizo kwenye mabano ya mraba ni VEN na DEV zilezile. Baada ya keneli, yaani kiini cha Linux, kusasishwa, draiva zilizojengwa nje yake zinahitaji kujengwa upya: angalia dkms status, na uweke linux-headers-$(uname -r) kama haipo. Kisha mokutil --sb-state. Secure Boot ikiwa imewashwa, draiva isiyo na sahihi iliyosajiliwa haitapakiwa, na Broadcom ndizo huathirika mara kwa mara. Ujumbe wa faili ya firmware kukosekana utauona kwa sudo dmesg | grep -i firmware.

Ukitaka kurudi Windows 10

Ikiwa kadi ndiyo inayoendesha biashara na hakuna draiva popote, kurudi kunawezekana kupitia Settings, System, Recovery, Go back, lakini kwa siku 10 tu tangu kuhama, na kama folda ya Windows.old haijafutwa. Ukiwa bado ndani ya siku hizo, unaweza kuziongeza mpaka 60:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Windows 10 ya mtu binafsi inaweza kusajiliwa kupata masasisho ya ziada ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Usajili uko kwenye ukurasa wa Windows Update, na mashine lazima iwe kwenye toleo la 22H2.